Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo na Shirikisho la Raga Kenya: Kocha Ayimba hakupaswa kufikishwa mahali pa kuchangishiwa bili

Mheshimiwa Waziri, na wewe Mwenyekiti wa Shirikisho la Raga Kenya pamoja na kamati yako,

Hamnijui, na hakuna sababu ya kunijua. Nilicheza raga ya klabu kwa miaka kumi na mmoja, jezi nambari tatu, mstari wa mbele wa skramu, na timu ya taifa haikuwahi kuniita. Ilifanya vyema, maana nilikuwa mzito wa kugeuka kama trela la miwa. Nawaandikia kwa cheo kingine nilichokipata baada ya kutundika daluga. Mimi ni mweka hazina wa michango. Mchezaji wa zamani akilazwa, kundi la WhatsApp linaundwa, na kabla sijajua mgonjwa ni nani, nimeshaongezwa na nambari yangu imeshabandikwa pale juu kuwa ndiyo ya kupokea pesa. Sikuchaguliwa na mtu. Mara ya kwanza nilikubali kwa sababu wengine wote walinyamaza, na tangu siku hiyo nimekuwa wa kuitwa tu.

Makundi haya huundwa usiku. Habari za hospitali zina tabia ya kutufikia baada ya saa tatu, watu wakiwa wameshakula. Mtu wa kwanza anaandika jina lake na kiasi alichoahidi. Wa pili ananakili orodha nzima, anaongeza lake, anaibandika upya. Wakiandika wawili kwa wakati mmoja, mmoja anamezwa, na asubuhi ananipigia simu amekasirika: "Mweka hazina, mbona mia tano yangu haionekani?" Ujumbe wa M-Pesa unaingia, mia mbili, mia tano, elfu moja ya yule aliyepata kazi nzuri. Kuna jamaa mmoja ana kibanda cha kushona viatu. Yeye hutuma shilingi hamsini kila Jumamosi, bila kuandika neno, mpaka mgonjwa atoke au azikwe. Nimejifunza kuzisubiri hizo hamsini zake. Zikikosa, ndipo nampigia kumuuliza kama naye yuko salama.

Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa na sasa naomba mniachishe. Nyinyi mnaweza.

Nianze na Benjamin Ayimba, kwa sababu huyo mnamjua, na hakuna kati yenu atakayediriki kusema alikuwa mchezaji wa pembeni. Ayimba alikuwa mtu wa klabu ya Impala, pale Ngong Road, Nairobi. Alikuwa wa kizazi kile kilichoiona Kenya ikienda Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba kila upande kwa mara ya kwanza, mwaka 2001, Mar del Plata kule Argentina. Akawa nahodha wa taifa. Akaenda Uingereza kuichezea Cornish Pirates, enzi ambazo Mkenya kusajiliwa na klabu ya raga ya Ulaya kulikuwa habari ya kusimuliwa mtaani wiki nzima. Duniani raga ilikuwa imeruhusu malipo tangu 1995, lakini kwetu wengi wa rika lake walicheza jinsi watu wanavyoimba kwaya. Unatoka kazini, unapanda matatu, unafanya mazoezi mpaka mpira hauonekani tena kwa giza, kisha unarudi nyumbani kwa nauli yako mwenyewe.

Kisha akawa kocha wa Shujaa, timu yetu ya taifa ya raga ya saba. Machi 2009, Dubai, Kombe la Dunia, robo fainali: Kenya 26, Fiji 7. Fiji walikuwa mabingwa watetezi. Tukafika nusu fainali, Argentina wakatukata 12-0, lakini nani alikuwa analia? Msimu huohuo Collins Injera alimaliza akiwa mfungaji bora wa msururu wa dunia, yaani mashindano ya kila msimu ya raga ya saba, kwa miguso 42, na mguso ni kule kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Kaka yake, Humphrey Kayange, ndiye Mkenya wa kwanza aliyekuja kuingizwa, mwaka 2021, kwenye orodha ya magwiji wa Shirikisho la Raga Duniani. Hao ni vijana waliopita mikononi mwa Ayimba.

Aliondoka, na 2015 akarudishwa. Ndivyo tunavyofanya, tunamkumbuka fundi nyumba ikishaanza kuvuja. Novemba mwaka huo, Kempton Park, Afrika Kusini, tiketi ya Olimpiki ilikuwa karibu kututoka mikononi mbele ya Zimbabwe mpaka Dennis Ombachi alipoweka mguso wa dakika za mwisho, tukashinda 21-17. Na miezi mitano baadaye ikawa Singapore.

Niruhusuni nikae Singapore kidogo. Ilikuwa Jumapili, 17 Aprili 2016. Nilikuwa kwa kinyozi. Runinga yake ilikuwa ndogo, imefungwa ukutani kwa waya, na wateja wa pale walikuwa watu wa soka ya Uingereza ambao kwao raga ni vurugu ya watu wenye mashati yaliyochanika. Nilimwomba anigeuzie stesheni kwa dakika ishirini tu, nikamwahidi bei ya juu. Tulikuwa tumeshaitoa Ufaransa, tumeitoa Argentina 15-12 kwa roho kuwa kooni, na sasa ilikuwa fainali na Fiji. Mchezo ulipoanza, mashine bado ilikuwa inanguruma kichwani mwangu. Injera alipogusa chini mara ya kwanza, mashine ikazimwa. Alipogusa mara ya pili, kinyozi alikuwa amepanda juu ya kiti. Mzee mmoja aliyekuja kunyolewa ndevu akawa anauliza, "Hawa ni wetu? Hawa ni wetu kabisa?" Ikaisha 30-7. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kutwaa taji la msururu wa dunia, tangu msururu huo uanze. Nilitoka pale nimenyolewa upande mmoja, na hakuna aliyenicheka njiani, maana mtaa mzima ulikuwa unapiga kelele.

Fiji hao hao, Agosti mwaka huo, walitwaa dhahabu ya Olimpiki Rio kwa kuwapiga Waingereza 43-7. Hiyo ndiyo timu aliyoifunga Ayimba. Sisi Rio hatukung'ara, na baada ya Rio hakuendelea na kazi. Sina ugomvi na hilo. Makocha huja na kuondoka.

Miaka mitano na mwezi mmoja baada ya Singapore, Ijumaa ya 21 Mei 2021, Ayimba alifariki katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Malaria ilikuwa imepanda kwenye ubongo. Alikuwa na miaka 44.

Kabla ya siku hiyo, familia na marafiki walikuwa wametoka hadharani kuomba msaada wa bili. Ombi hilo lilinifikia mimi kama lilivyowafikia wengi wenu, likisambazwa kutoka simu hadi simu, na picha yake ikiwa juu. Nilikuwa nimezoea orodha za namna hiyo. Lakini ile niliitazama kwa muda mrefu. Jina la kocha wa Singapore lilikuwa limewekwa pale ambapo sisi huweka jina la mtu asiye na pa kwenda.

Mheshimiwa, mimi si daktari. Sidai kwamba angekuwa na kadi fulani mfukoni angepona. Malaria ya ubongo haichagui, na inaua matajiri pia. Tena atakayesema kwamba malaria si jeraha la raga atakuwa amesema kweli. Ninachodai ni kidogo kuliko hapo. Mtu aliyelipa taifa kwa mwili wake, mke wake na ndugu zake hawapaswi kukaa kwenye benchi la hospitali wakihesabu michango huku wakimwombea mgonjwa. Mambo hayo mawili hayafanyiki vizuri kwa pamoja. Nimewaona wanaojaribu.

Najua wapo viongozi wanaotoa kutoka mifukoni mwao, na sitaki kuwanyang'anya thawabu. Wengine wamenitumia mimi mwenyewe, na wakaomba wasitajwe. Lakini shida yenyewe ndiyo hiyo. Mchezaji wa zamani akipona kwa sababu mheshimiwa fulani alikuwa na moyo mwema wiki hiyo, basi aliyeugua wiki ambayo mheshimiwa amesafiri, atafanyaje?

Nina kisa kingine, na hiki nitakisimulia bila majina, kwa kuwa mwenyewe yu hai na ruhusa aliyonipa ni nusu. Ni mchezaji aliyewahi kuivaa jezi ya taifa. Alikuwa na kasi, mtu wa pembeni wa uwanja, nami nilikuwa naye klabu moja. Mwaka jana goti lake, ambalo lilikwisha kupasuliwa mara mbili wakati wa kucheza, lilivimba hadi suruali ikakataa kupita. Nikampeleka hospitali, sitasema ipi. Dirishani alikaa binti mdogo, mpole, hakuwa na kosa lolote.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

Ana miaka arobaini na mmoja. Hilo la uzee alilimeza.

"Nilikuwa nacheza raga."

"Na sasa?"

Akanitazama mimi, kama vile jibu nilikuwa nalo.

"Sasa niko tu."

Binti akaandika. Nilichungulia. Pale kwenye kazi alikuwa ameandika "hana". Halafu akauliza bima. Alikuwa amejiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali, kwa simu, lakini asiye na mwajiri hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja ndipo mambo yafunguke, na mwaka mzima kwa pamoja ni kitu alichokuwa akikipanga tangu Januari. Tulilipa taslimu ya kumwona daktari na ya picha ya goti, na ya upasuaji tukaambiwa tukajipange. Kurudi, tulipanda matatu. Mguu ulikuwa haukunjiki, ikabidi aunyooshe njiani katikati ya viti, na kondakta kila akipita anasema, "Mguu, mzee, mguu!" Mguu huo umewahi kuwapita watu wa New Zealand. Sikumwambia kondakta. Ningemwambia nini?

Usiku huo likaundwa kundi lingine. Safari hii nililiunda mwenyewe.

Sasa tuongee hesabu, kwa kuwa najua barua za hisia ofisini kwenu huwekwa upande mmoja. Kiwango cha chini kabisa cha mchango wa SHA ni shilingi 300 kwa mwezi kwa kaya moja. Kwa mwaka ni 3,600. Tuseme wachezaji wote wa raga walioivaa jezi ya taifa, wanaume na wanawake, waliostaafu na wasio na kazi ya ajira inayowakata bima, wako 500. Nimeweka idadi kubwa makusudi. Mara 3,600 ni shilingi milioni 1.8 kwa mwaka. Sema kiwango cha chini hakiwatoshi, mkaamua kuwapangia mara tatu. Ni milioni 5.4.

Agosti 2025 tulikuwa wenyeji wa CHAN, mashindano ya soka ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, pamoja na Tanzania na Uganda. Vijana wa Harambee Stars, timu yetu ya taifa ya soka, waliahidiwa shilingi milioni moja kila mchezaji kwa kila mechi watakayoshinda, na walishinda, wakawafunga hata Morocco. Siwaonei gere. Nilicheza dansi sebuleni kwangu kama kila mtu. Lakini chukueni kalamu. Kikosi kina wachezaji zaidi ya ishirini. Ushindi mmoja, wa usiku mmoja Kasarani, ni zaidi ya milioni ishirini, na pesa hizo zinaweza kuwalipia wale 500 wangu wa kufikirika mchango wa kiwango cha chini kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo msiniambie fedha hakuna. Tena tangu 2018 tuna Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, unaochota kodi za kamari na bahati nasibu. Vijana wanabashiri mechi za wachezaji wa leo, serikali inakata chake, na chake hicho hakiwezi kufika kwa mchezaji wa jana? Hata jina la mfuko lina maendeleo ya jamii ndani yake.

Najua pia kwamba SHA yenyewe ina kelele zake, na kadi si tiba. Nimekaa kwenye foleni hizo. Mgonjwa wa chumba cha mahututi ataendelea kuhitaji zaidi ya kadi. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuchangisha kilichobaki na kuchangisha kila kitu, kuanzia pamba. Muulizeni mweka hazina yeyote.

Mtauliza, na ni haki yenu, kwa nini raga? Wanasoka je, mabondia je, wanariadha ambao medali zao zinauzwa? Joe Kadenge, ambaye kizazi cha baba zetu kilimjua kwa wito wa redioni wa "Kadenge na mpira", miaka yake ya mwisho ilijaa kiharusi na wasiwasi wa bili hadi alipofariki Julai 2019. Jibu langu ni kwamba waingizeni wote. Sitalia nikiona watu wa soka, Gor Mahia na Ingwe (AFC Leopards), wametangulia. Naanza na raga kwa kuwa ndiyo ninayoijua, na kwa kuwa mchezo wenyewe unauchukua mwili kama mkopo wa kausha damu. Raga ya saba ni dakika kumi na nne tu kwa mechi, watu huiona kama mchezo wa kukimbia. Hawajui kwamba mchezaji huzirudia dakika hizo mara tano, mara sita, katika siku mbili, akigongana na watu wa kilo mia wanaokuja kwa kasi ya pikipiki.

Na sijazungumzia kichwa. Steve Thompson alikuwa katika skramu ya Uingereza iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 2003. Akiwa na miaka arobaini na kitu alitangaza kwamba madaktari wamemkuta na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kwamba ile fainali haikumbuki. Haikumbuki kabisa. Wenzake wengi wamejiunga naye kudai haki mahakamani. Kwao angalau kuna aliyepima. Hapa kwetu, mwaka tisini na nane, mtu akizimia uwanjani tulimmwagia maji ya chupa, akiamka tunamuuliza leo ni siku gani, akikosea tunacheka na kumrudisha ndani. Mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka. Leo kuna majina kwenye simu yangu ambayo yakinipigia yanaanza hadithi ileile mara tatu katika mazungumzo mamoja, na ninasikiliza kana kwamba ni mara ya kwanza.

Umaarufu wala usiwadanganye. Jonah Lomu wa New Zealand, ambaye pengine hakuna mchezaji wa raga aliyewahi kujulikana kumliko, alifariki 2015 baada ya kuugua figo kwa miaka mingi, na ikabainika hakuwa ameacha mali ya maana. Chama cha wachezaji cha New Zealand ndicho kilichosimama na kuanzisha mfuko kwa ajili ya wanawe wawili. Kwa hiyo hata huko hutokea. Tofauti ni kwamba kulikuwa na chama cha kusimama. Sisi tuna mimi, na simu yenye kioo kilichopasuka.

Kuna jambo linalonikera kuliko bili, nalo ni jina. Timu yetu ya saba mnaiita Shujaa. Tarehe 20 Oktoba kila mwaka tunafunga kazi kwa ajili ya mashujaa. Bunge lilipitisha Sheria ya Mashujaa wa Kenya mwaka 2014, na kuna Baraza la Kitaifa la Mashujaa. Wanamichezo wetu wakirudi na kombe hupokewa uwanja wa ndege wa JKIA kwa ngoma na kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya mgando, na viongozi hujipanga kwenye picha mpaka mchezaji mwenyewe haonekani. Jina mmelitoa nyinyi. Hakuna mchezaji aliyewaomba mumwite shujaa. Wengi waliomba posho yao ya safari, tena wakaomba mara nyingi. Mwaka 2018, Paris, vijana waliingia uwanjani wamefunika jina la mfadhili kifuani kwa sababu ya pesa zao, na badala ya kuulizana imekuwaje wafike hapo, wengi wetu tulibishana kuhusu nidhamu.

Mwaka 2023 tukashushwa daraja London, Canada wakatufunga 12-7. Kila mtu alitafuta sababu zake: kocha, maandalizi, umri wa wachezaji. Mimi nilikuwa nimekaa na kijana wa miaka kumi na saba, mtoto wa jirani, mwenye miguu ambayo ningeuza shamba niipate. Nikamwambia, haya sasa, timu inakuhitaji. Akaniuliza kuhusu yule rafiki yangu wa goti, ambaye humwona kituo cha matatu asubuhi. "Huyo pia si alichezea Kenya?" Sikumjibu, na hakuuliza tena. Siku hizi anacheza mpira wa kikapu.

Ninachoomba basi si mnara, wala si uwanja kuitwa jina la marehemu, ingawa Ayimba angestahili. Naomba orodha. Shirikisho liandike jina la kila aliyewahi kuichezea Kenya, Simba wa kumi na tano kila upande, Shujaa, na Lionesses, timu ya wanawake, ambao nao wamecheza Olimpiki na ambao husahaulika hata katika kusahauliwa. Kama orodha hiyo mnayo tayari, itundikeni tuione. Wizara ichukue orodha hiyo, iwalipie mchango wa SHA wale wasio na wa kuwalipia, mwaka mzima kwa pamoja, kila Januari, kutoka kwenye ule mfuko wa kamari, bila mtu kuandika barua ya kuomba na bila kusubiri apige picha na mkubwa. Na mara moja kwa mwaka, siku ya Safari Sevens, mashindano yetu ya raga ya saba, watu wote wakiwa wamekusanyika, wekeni hema moja la madaktari pembeni mwa uwanja: magoti, presha, kichwa. Mahema ya bia hayakosi nafasi, la madaktari pia litapata.

Hiyo tu. Nimeipunguza makusudi ili msije mkaiundia jopokazi.

Kwa kuwasaidia kuanza, mimi nina daftari. Ni la kurasa tisini na sita, la shule, jalada lake limeloa chai. Nililianza ili watu waache kunipigia kuuliza mia tano zao, lakini kadiri miaka ilivyokwenda nikaanza kuandika na walio upande wa pili, yaani wanaochangiwa. Lina majina 64 ya watu waliovaa jezi ya taifa, klabu walizotoka, nambari za ndugu wa karibu, na kwa baadhi yao kile kinachowasumbua. Hayo ya ugonjwa nimeyafunika kwa karatasi na gundi, kwa kuwa si yangu kuyatoa. Majina kumi na moja nimeyawekea msalaba mdogo pembeni. La Ayimba liko ukurasa wa nne. Sikuwahi kushika mchango wake, wengine walifanya kazi hiyo. Nililiandika tu siku ile ya Mei kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na kalamu.

Ofisi za Shirikisho pale uwanja wa raga wa RFUEA nazijua, nimepita getini mara nyingi nikiwa na matope. Nitalileta siku yoyote ya kazi mtakayonitajia, asubuhi, kabla foleni ya Ngong Road haijakaza. Ninachotaka ni mtu mmoja wa kulipokea, aweke sahihi na tarehe kwenye ukurasa wa mwisho. Nimeshapiga mstari pale kwa rula.

Wenu,
Mweka hazina